Sijakonda kwa Njaa, Shangazi

Shangazi, Baba Mdogo, nanyi wengine mliokuwa sebuleni siku picha yangu ilipopitishwa mkono kwa mkono:

Maazimio ya kikao chenu yamenifikia. Kwanza, kwamba nimekonda. Pili, kwamba ughaibuni kunakofikika kwa basi si ughaibuni, ni shida tu iliyohamia mbali. Tatu, kwamba kila nyumba ichange unga na dagaa, na mzigo akabidhiwe kondakta wa basi la Bujumbura likipita stendi ya Msamvu. Ahsanteni kwa moyo huo. Lakini kuniletea dagaa mimi ni kumpelekea Mpemba karafuu. Ofisini kwetu hapa Bujumbura ukifungua dirisha unanusa Ziwa Tanganyika, na dagaa hapa, wenyewe huwaita ndagala, wako kila soko. Njaa haina hatia. Kilichonikondesha ni mbio.

Hapo najua Baba Mdogo amecheka. Anakumbuka mchakamchaka wa shule ya msingi, na choo nilimokuwa nikijificha hadi kiranja aje kunitoa. Sikuokoka kwa hiari yangu. Mwezi wa pili tangu nifike, wenzangu wa ofisini waliniambia Jumamosi alfajiri tunakwenda “spoti”. Nikadhani tunakwenda kutazama mpira, nikavaa shati la kitenge na viatu vya ngozi. Tena nikafika saa nzima kabla ya watu, kwa sababu saa yangu ya mkono ilikuwa bado inafuata Morogoro, na Burundi iko nyuma yetu saa moja. Mlinzi akanimulika tochi, akaniuliza kwa Kiswahili cha mtaa wa Buyenzi kama mke amenifukuza.

Kulipopambazuka wakaanza kutokea. Klabu ya mbio, watu kama thelathini, fulana za rangi moja, mmoja ana filimbi mdomoni. Wakajipanga mistari, wakaanza kuimba na kupiga makofi, wakaingia katikati ya barabara kama vile walikuwa wameilipia. Nilitaka kubaki pembeni. Mama mmoja mwenye wajukuu akanishika mkono akanitia mstarini. Viatu vile vya ngozi, Shangazi, ndivyo ulivyoninunulia wewe, na sina la kukuambia juu yake zaidi ya pole.

Sasa niwaeleze mji wenyewe, maana hapa njia za kukimbia ni tatu, na hupangiwi kwa umri wala kwa cheo, unatazamwa tumbo. Bujumbura ni kama sahani iliyoegemezwa ukutani. Ukingo wa chini uko ziwani, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa juu umepanda milimani. Anzia majini, elekea mashariki. Mtaa utakapoketi chini na kuomba maji, hapo ndipo afya yako ilipofika, huna haja ya daktari.

Mwenye filimbi alinitazama kati ya kifua na magoti, akasema: ziwani. Ndiko wanakopelekwa wageni, wenye vitambi na wanaotoka hospitali. Unaanzia Kabondo, unafuata kando ya ziwa kuelekea Kinindo, barabara bapa kama meza. Ng’ambo unaiona milima ya Kongo imesimama juu ya Uvira, asubuhi ina rangi ya bluu ya shuka lililofuliwa mara nyingi. Pazuri hata unasahau kwamba kifua kinauma. Ila jioni msije mkakimbilia huko, kiboko hutoka majini kula majani, na yeye hajali kama wewe ni wa njia ya kwanza au ya tatu. Na mnaujua ule msemo wa mbio za sakafuni kuishia ukingoni? Huku si msemo. Ziwa limepanda miaka hii, limeingia barabarani na kwenye nyumba za watu, na siku moja kikundi chetu kilikata kona kikiimba, tukakuta barabara imezama na bata wanaogelea juu yake. Wimbo ulikatika wenyewe.

Huko ziwani ndiko nilikoaibika kwa sababu ya lugha. Watoto walijipanga kando ya njia, wakanielekezea mimi vidole na kupiga kelele: “Komera! Komera!” Mimi nikasikia “Koma! Koma!” Nikasimama papo hapo, mikono juu. Walionifuata nyuma wakanipanda mgongoni. Kumbe kwa Kirundi ni jipe moyo, kaza. Tangu siku hiyo kila nikikaribia kukata tamaa kuna mtu ananiamuru nikome, nami nakaza mwendo.

Njia ya pili ni ya katikati ya mji, na hiyo haihitaji klabu. Petroli imekuwa adimu, magari yanalala foleni vituoni, na bosi wetu mwenyewe huja kazini kwa miguu na kutwambia anafanya mazoezi. Unapita Chaussée Prince Louis Rwagasore, unapinda mpaka Boulevard du 28 Novembre, jina lililotokana na siku ile ya mwaka 1966 mfalme alipoondolewa na jamhuri ikatangazwa. Mwinuko ni mdogo, lakini mapafu hayadanganyiki. Mandhari? Wanafunzi wa chuo kikuu, na vitumbua vya moto kwenye kona, ambavyo vimewaangusha wakimbiaji wengi kuliko mlima.

Sasa njoo njia ya tatu, ya mlimani. Kiriri, halafu Vugizo. Mimi nimezaliwa chini ya Uluguru, lakini kwetu mlima ulikuwa wa kutazamia mvua inatoka upande gani. Huku wanaukimbilia. Barabara inapinda na kupinda, kuta za nyumba za wakubwa zimefunikwa maua, na kila ukidhani umefika kuna kona nyingine inakucheka. Yule mama mwenye wajukuu alinipita mara ya kwanza akiimba. Mara ya pili alinipita akishuka.

Juu kabisa ni kaburi la Rwagasore. Hapo filimbi hunyamaza bila kuambiwa. Mji wote uko chini yako, ziwa linameta, Kongo iko mbele kama ukuta wa jirani. Huyo alikuwa mwana wa mfalme, alishinda uchaguzi wa Septemba 1961 na chama chake cha UPRONA, akawa waziri mkuu kwa wiki mbili tu. Tarehe 13 Oktoba alipigwa risasi akila chakula hotelini kando ya ziwa, ana miaka 29. Uhuru ulikuja Julai mwaka uliofuata bila yeye. Kwa hiyo sisi kila Jumamosi tunatoka upande wa ziwa alikoangushwa na kuishia alikolazwa. Sijui kama wenzangu huwaza hivyo. Mimi huwaza, pengine kwa sababu ndio wakati pekee ninapopata pumzi.

Siku moja nilimwuliza mzee wa klabu kwa nini mtu asikimbie peke yake, na spika zake masikioni, kama Wazungu. Akasema wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe watu walizoea kutoka kwa makundi, mkiwa wengi mnaogopa kidogo. Mazoea yakabaki. Na wingi huohuo ukaja kuwatisha wakubwa. Machi 2014 wafuasi wa chama cha upinzani cha MSD waliotoka kukimbia kwa kundi walipambana na polisi, na mwezi huohuo 21 kati yao wakahukumiwa kifungo cha maisha. Wakati huohuo vikundi viliamriwa kukimbia kwenye viwanja vilivyotengwa tu. Na rais wa wakati ule, Pierre Nkurunziza, alisomea michezo na akaifundisha! Mzee alinisimulia hayo kwa sauti ya chini, halafu akapiga makofi tuendelee.

Na usije ukawadharau, Baba Mdogo, ukadhani ni watu wa kuimba tu. Mwaka 1996, mara ya kwanza Burundi kwenda Olimpiki, Vénuste Niyongabo alimwachia mwenzake Dieudonné Kwizera nafasi yake ya mita 1,500, akaingia mita 5,000 ambazo hakuzizoea, akarudi na dhahabu. Hiyo habari hapa kila mtu anaijua, na kila mtu huisimulia ukiwa umeinama unatapika.

Kuhusu ile picha, basi. Ilipigwa Vugizo. Mkono unaoonekana begani mwangu si wa mchumba, Mama asianze kushona nguo. Ni wa yule mwenye wajukuu, alikuwa ananizuia nisidondoke.

Mzigo kama bado haujaondoka, punguzeni dagaa, tieni raba namba 42. Kama kondakta ameshaupokea, basi msimrudishe njiani: klabu wamesikia habari za unga wa Morogoro, wameshanipangia zamu ya kupika Jumamosi, watu thelathini, mlo uwe tayari wakishuka mlimani.