Mboga Zenye Miiba

Binamu yangu aliye Marekani alinitumia pakiti za mbegu za maua. Nyuma ya kila pakiti pameandikwa kwamba zipandwe majira ya machipuko, baada ya barafu ya mwisho kuyeyuka. Hapa Kisegi, kando ya ziwa, tunakaa jirani na ikweta, na barafu tunayoijua ni ile ya wanunuzi wa samaki. Hiyo ikiyeyuka, mtu amepata hasara. Kwa hiyo nilifuata kalenda ya kwetu nikasubiri chwiri, mvua ndefu za kuanzia Machi, wakati kila mwenye mikono miwili anashika jembe.

Tatizo ni kwamba kwetu ardhi ikishalimwa, lazima kitoke kitu cha kuliwa. Watu wakinikuta nimeinama napalilia, wanauliza kama ni mahindi au mtama. Nikijibu maua, wananitazama kwa huruma, halafu wanauliza bei yake Nairobi. Mmoja aliondoka akiniombea.

Pakiti ya kwanza ilikuwa ya kleome. Wazungu huipanda kwa ajili ya maua yake ya waridi yenye ndevu ndefu, lakini ni ndugu wa damu wa dek, ile mboga chungu ambayo Wakenya wengine huiita saga na watu wa pwani mgagani. Majani yake yamegawanyika kama vidole vilevile. Sasa mtu aliyekula dek tangu utotoni, akiiona imestawi kwa mistari iliyonyooka, utamwambia nini?

Dani, bibi wa boma jirani, alipita alfajiri na kikapu chake. "Nyakwara, kumbe umetulimia dek! Nyasaye akubariki!" Nilikuwa napiga mswaki. Nilipomaliza kutema povu, mistari miwili ilikuwa imeshaingia kikapuni. Kitu ambacho Dani hakukijua ni kwamba kleome ya bustani ina miiba midogo kwenye shina. Alirudi saa mbili baadaye ameshika kidole, amekasirika kwelikweli. "Dek gani hii inadunga? Umeinyunyizia dawa gani?" Maua yangu yalikuwa yamevunwa, na bado mimi ndiye niliyeomba msamaha, nikaongeza na nusu lita ya maziwa ya kupikia dek nyingine.

Pakiti ya pili sina nguvu ya kuilalamikia. Ilikuwa mchicha wa mapambo, ule unaoning'iniza mikia myekundu, na watu wa milima ya Andes wamekula mbegu zake kwa karne nyingi. Wake za boma walipouona walisema ni ododo, yaani mchicha wa mboga, na ukweli ni kwamba hawakukosea. Mikia sikuiona. Ugali nilioletewa siku hiyo ulikuwa na mboga nzuri sana.

Zinia za pakiti ya tatu zilikufa kifo cha kawaida: mvua ilinyesha, minyoo ikapanda juu, kuku wakaifuata. Zilizosalia walizimaliza mbuzi. Usiku mmoja akaja kiboko. Kiboko hutoka ziwani kutafuta nyasi na maua hayamhusu hata kidogo. Alikuwa anapita tu. Lakini mnyama mwenye uzito wa zaidi ya tani moja akipita tu juu ya udongo mweusi uliolowa, asubuhi huna bustani, una mabwawa.

Uchungu ni kwamba ziwani gugu maji lilikuwa limechanua zambarau mpaka upeo wa macho, na hakuna aliyelimwagilia wala kulitilia mbolea. Lilitoka Amerika Kusini, likapelekwa huku na huko duniani kwa sababu ya urembo wake, na sasa mashua zinakwama ndani yake. Miaka ya 1990 watafiti waliachilia fukusi wa kulila. Fukusi hao hawali mmea mwingine, kwa hiyo ni viumbe pekee wa eneo hili ambao hawajawahi kuikodolea macho bustani yangu.

Nyabend winy, yaani lantana, ya kwenye ua ndiyo inayochanua bila wasiwasi, kwa kuwa ina sumu na mifugo wanalijua hilo.

Wewe unayetaka maua upande huu wa ziwa, nunua wavu wa waya kabla ya mbegu, ule wa matundu madogo. Na kama una Dani jirani, mpandie dek yake mwenyewe karibu na njia, mapema, mvua ya kwanza ikidondoka.