Shujaa Asiyeweza Kuketi

Wengi wanaojitengenezea nyumbani deraya za filamu za sayansi ya kubuni huanza na kofia. Si ajabu: kofia ndiyo inayotambulika kwa mbali, ndiyo inayopigwa picha kabla rangi haijakauka, ndiyo inayokalia meza ya chakula wiki nzima huku watu wa nyumbani wakila wamepakata sahani mapajani. Wangeanza na choo. Mtu aliyevaa deraya kamili ya plastiki au povu, kuanzia kisogoni hadi kisiginoni, anaweza kuahirisha mambo mengi, ila hilo haliahirishiki. Likimbana ndipo anapokumbuka kwamba zipu iko mgongoni, chini ya bamba, na bamba limefungwa kwa mikanda ambayo mikono yake yenye glavu haiifikii. Hoja yangu ni kwamba vituko vya namna hii havitokani na uzembe wala na uchache wa ufundi. Vinatokana na asili ya vazi lenyewe. Mhunzi wa deraya za vita alijiuliza mkuki utaingilia wapi. Mbunifu wa deraya za filamu hujiuliza zitaonekanaje kwenye mchoro, na mchoro hauketi, haujikuni, hautoki jasho, wala hauendi haja. Kila mahali ambapo mwili hufanya jambo ambalo mchoro haulifanyi, pana aibu inayomsubiri mvaaji.

Ushahidi wa kwanza ulitolewa mahakamani. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi kati ya kampuni ya Lucasfilm na Andrew Ainsworth, fundi wa Twickenham, London, aliyetengeneza kofia za stormtrooper, wale askari weupe wa filamu ya Star Wars ya 1977, na ambaye miaka mingi baadaye alianza kuuza nakala zake. Watu wazima wenye elimu nzito walibishana ngazi baada ya ngazi kuhusu swali moja: je, kofia ile ni sanamu? Ikiwa ni sanamu, hakimiliki yake ni ya muda mrefu. Ikiwa si sanamu, mambo ni mengine. Majaji wakaamua kwamba si sanamu. Kazi ya sanaa ni filamu, na kofia ni kifaa kilichotumika kuitengenezea. Sina hakika kama majaji wale walitaka kutuchekesha, lakini walitupa maelezo bora kuliko yote ya mavazi haya: hiyo ni kofia ya kamera, kichwa kimeazimwa tu. Filamu yenyewe inakiri. Shujaa wake, Luke, anapoivaa analalamika kwamba haoni kitu, na katika onyesho jingine askari mmoja anaingia mlangoni na kujigonga paji la uso. Watengenezaji waliliacha tukio lile lilivyo, na katika toleo la 2004 wakaliongezea mlio, ili hata aliyekuwa hakuliona alisikie.

Utasema hao walikuwa askari wa pembeni, waliovalishwa kwa haraka. Basi tuangalie kwa wahusika wakuu. Anthony Daniels, aliyekuwa ndani ya roboti wa dhahabu C-3PO wa filamu hiyohiyo, alivalishwa vazi zima kwa mara ya kwanza jangwani Tunisia, na siku hiyohiyo ya kwanza plastiki ya mguu wa kushoto ikavunjika na kumchoma unyayo. Kuketi hakuweza, wenzake walipopumzika kwenye viti, yeye aliegemezwa ubao. Katika filamu ya Alien ya 1979, mavazi ya wanaanga yaliyotengenezwa chini ya mbunifu wa mavazi John Mollo yalikuwa mazito, yenye bitana ya nailoni, na hayakuwa na tundu la kutolea joto wala pumzi. Waigizaji wakawa wanakaribia kuzimia, nesi akawekwa pembeni. Kisha watoto wa mwongozaji Ridley Scott na wa mpiga picha mkuu wakavalishwa mavazi ya aina hiyo, madogo, ili chombo cha anga kionekane kikubwa kando yao. Watoto nao wakazimia, na hapo ndipo baba zao walipoona kwamba mavazi yana kasoro na yarekebishwe. Waigizaji wazima hawakuwa na baba kwenye kamati ya uzalishaji.

Lakini mfalme wa vituko hivi ni filamu ya RoboCop ya 1987. Mwigizaji wake mkuu, Peter Weller, alijifunza kwa miezi namna ya kutembea kiroboti, chini ya Moni Yakim, mwalimu wa miondoko ya jukwaani, akiwa amevaa vifaa vya michezo badala ya vazi ambalo lilikuwa bado halijakamilika. Vazi lililotengenezwa na Rob Bottin lilipofika, ilichukua saa nyingi kumvalisha, na alipokwisha kuvalishwa, miondoko yote aliyojifunza haikuwezekana humo ndani. Upigaji picha ukasimama ili mwendo utafutwe upya. Kisha ikaonekana kwamba polisi huyu wa chuma haingii kwenye gari lake la polisi. Kwa hiyo mtazamaji humwona akishuka, au humwona ameketi nyuma ya usukani, na pale anapoketi vazi huishia kiunoni. Kuna pia onyesho dogo ambamo anarushiwa funguo za gari na kuzidaka. Mikono ile ilikuwa ya mpira. Funguo zikawa zinagonga na kuruka, zikarushwa tena na tena, hadi siku ya kazi ikaliwa na jambo ambalo kondakta wa daladala hulifanya akiwa amening'inia mlangoni. Haya yaliwapata watu wenye karakana, mafundi wa kulipwa na muda wa kuhariri. Anayefanya kazi hiyo sebuleni usiku, baada ya watoto kulala, ana haki gani ya kujilaumu?

Sebuleni malighafi siku hizi ni povu la EVA, ndugu wa lile linalotengenezewa soli za sendozi na mikeka ya rangi ya kuunganisha ambayo watoto huchezea. Ni jepesi, linakatika kwa wembe, na likipashwa hewa ya moto uso wake hubadilika na kuonyesha mng'ao mdogo. Hapo unalikunja unavyotaka, na likipoa linabaki hivyo. Kuunganisha ni kwa gundi ya mafundi viatu. Unapaka pande zote mbili, unasubiri hadi kidole hakinati, kisha unakutanisha, na hapo hakuna kujadiliana tena: vikigusana vimegusana. Gundi hii hutoa mvuke unaolevya na inataka madirisha wazi, sharti ambalo watu hulikumbuka pale wanapoanza kuona kazi yao ni nzuri kupita kiasi. Halafu kuna mkono wa kushoto. Kiolezo cha karatasi hukatwa kimoja, kwa sababu mwili una pande mbili zinazofanana, na fundi hutakiwa kukigeuza anapohamia upande wa pili. Asipokigeuza, na usiku wa manane hakuna anayekigeuza, hupata mikono miwili ya kushoto, yote mizuri, yote imeshagandishwa.

Ila kipimo cha kiwiliwili ndicho kinachothibitisha hoja yangu kuliko yote. Njia inayosifiwa ni kumviringisha mtu kwa plastiki nyembamba ya kufungia chakula, kisha kumzungushia utepe mpana wa gundi tabaka kwa tabaka, kumchorea mistari ya mabamba juu yake, na mwishowe kumkata kwa mkasi atoke humo kama ndizi kwenye ganda. Kitu hicho kikitandazwa kinakuwa kiolezo cha umbo lake halisi. Njia ni nzuri mno, na ina masharti mawili ambayo hayasemwi vya kutosha. Kwanza, haiwezekani kuifanya peke yako. Aliyejaribu amejifunga mikono yote miwili na mkasi uko mezani. Pili, mtu anayezungushiwa utepe tumboni huvuta tumbo ndani. Ni tabia ya binadamu, hata mbele ya mke wake. Basi deraya hukatwa kwa kipimo cha mtu asiyepumua, na siku ya maonyesho huvaliwa na mtu anayepumua, na tena amekula chapati.

Mpinzani makini atanirudisha kwenye historia. Atasema wapiganaji wa Ulaya ya karne ya 15 walivaa chuma mwili mzima, kilo 15 hadi 25, wakapanda farasi bila kusaidiwa, wakakimbia, wakaanguka na kuinuka. Ni kweli, na zile hadithi za kuwanyanyua kwa mtambo hadi kwenye tandiko ni uzushi. Lakini tazama mhunzi yule alifanya nini. Alimpima mtu mmoja na kumtengenezea yeye tu. Viungo akaviunga kwa vipande vyembamba vinavyoteleza kimoja juu ya kingine. Na makalio pamoja na upande wa ndani wa mapaja aliviacha bila bamba, vikafunikwa kwa nguo ya pete za chuma au kitu laini, kwa sababu alijua mteja wake ataketi juu ya farasi. Yaani alianzia kwenye makalio! Pamoja na hekima yote hiyo, gharama haikuepukika. Mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds waliwatembeza na kuwakimbiza watu waliovaa nakala za deraya hizo juu ya mashine ya mazoezi, wakakuta kwamba nguvu zinazotumika ni karibu mara mbili ya kawaida, na kwamba kifua kilichobanwa huwafanya waheme haraka na kwa pumzi fupi. Tena mpiganaji alikuwa na mpambe, kijana ambaye kazi yake ilikuwa kumfunga na kumfungua. Hakuna mchoro wa filamu unaomwonyesha mpambe.

Wapo pia wanaoamini kwamba printa za 3D zimemaliza mjadala. Printa inatoa bamba lenye umbo sahihi kabisa, nakubali, lakini sahihi kwa mwili wa nani? Master Chief wa mchezo wa Halo anazidi mita mbili akiwa na deraya yake, na mabega yake hayana uhusiano wowote na mabega ya mhasibu. Ukipunguza umbo zima hadi lilingane na urefu wa mhasibu, kichwa hakiingii kwenye kofia. Ukilipanua hadi kichwa kiingie, kinena kinafika magotini. Kuna siri nyingine ya michezo hiyo ambayo printa haiwezi kuirekebisha: ndani ya kompyuta bamba la paja hupenya bamba la tumbo kila shujaa anapochuchumaa, na hakuna anayelia. Sebuleni bamba la paja likifika kwenye bamba la tumbo husimama, na mwenye tumbo husimama nalo.

Na joto? Mtu aliyetulia hutoa joto la wati 100 hivi. Akitembea, maradufu na zaidi. Jasho humpoza pale tu linapokauka, na povu la EVA halipitishi hewa wala maji, ndiyo maana wapiga kambi hulilalia. Mashabiki wanaokusanyika Nairobi kwa maonyesho ya vibonzo ya NAICCON angalau wana hali ya hewa inayowahurumia. Kwa Dar es Salaam mwezi wa pili, hesabu haihitaji kalamu. Wengine hufunga feni ndogo za kompyuta ndani ya kofia, jambo jema, ingawa feni inayovuta hewa ya Kariakoo saa saba mchana huleta ndani kilekile kilichoko nje. Pumzi nayo hugeuka ukungu kwenye kioo cha macho, na mvaaji anabaki kuisalimia nguzo.

Limebaki pingamizi ambalo ndilo zito: kama ndivyo, watu waache. Wanunue fulana yenye picha ya shujaa wao, waende nayo hata chooni kwa raha zao. Nalielewa, lakini linasahau upande mmoja wa jambo. Mwaka 1997, huko South Carolina, Marekani, Albin Johnson alianzisha 501st Legion, chama cha watu wanaovaa deraya za Star Wars walizojitengenezea. Johnson alikuwa amepoteza mguu katika ajali ya gari. Ndani ya vazi lile jeupe, mguu wa bandia hauonekani. Leo chama kina maelfu ya wanachama katika nchi nyingi, na sehemu kubwa ya kazi yao ni kutembelea hospitali za watoto na kuchangisha fedha za hisani. Jambo linalonivutia katika shughuli zao ni kwamba askari hawa hawatoki peke yao. Huandamana na mtu wa nguo za kawaida anayewashika mkono kwenye ngazi, anayewaambia kuna mtoto mbele ya goti lako la kulia, anayewanywesha maji kwa mrija kupitia tundu la mdomo. Yule mpambe wa karne ya 15 amerudi kazini, safari hii bila farasi. Vazi lililobuniwa kuonyesha askari asiyehitaji mtu limezalisha kundi la watu ambao hawawezi kushuka ngazi bila kushikwa, na ambao kwa sababu hiyo wamefahamiana vizuri kuliko majirani wengi.

Kwa hiyo anayeanza leo asikimbilie kofia. Akate kwanza sehemu ya kiunoni, avae, aketi kwenye kiti, aketi na kwenye kile kiti kingine, ainuke, na apime ni dakika ngapi zimepita tangu alipotaka kufungua hadi alipofungua. Zikizidi subira ya kibofu, bamba lirudi mezani. Mpambe naye atafutwe kabla ya rangi, awe mtu mvumilivu na mwenye begi: humo mtakaa gundi, bisibisi, velkro ya akiba na mrija wa maji, pamoja na simu, pochi na funguo za shujaa mwenyewe, maana katika michoro yote hiyo hakuna aliyekumbuka kuweka mfuko.