Fadhila za Rakuni wa Whitehall

Rakuni, ambaye wanasayansi humwita Procyon lotor, ni mnyama wa usiku mwenye uzito wa kilo 5 hadi 12 hivi, mkia wenye pete nyeusi, na uso ambao Muumba aliuvisha barakoa kabla hata ya wizi kubuniwa. Makao yake ya zamani ni misitu ya Amerika iliyo karibu na maji. Makao yake ya sasa ni dari za nyumba za watu. Whitehall, mji wa watu wapatao 20,000 uliobanwa na jiji la Columbus huko Ohio, unampa yote mawili. Mashariki unapita mto Big Walnut na miti yake mikubwa. Kwingine zimejipanga nyumba za enzi zile Town & Country, mojawapo ya vituo vya kwanza vya maduka vya aina yake Marekani, ilipofunguliwa mwaka 1949 kwenye barabara ya East Broad. Mbao za nyumba hizo zimeoza pembeni, na rakuni hadharau kitu kwa sababu kimezeeka.

Eneo hilo lina wanyama wengine wa porini: kulungu wanaokula maua, koyote wanaopita alfajiri, skanki ambaye heri kutokutana naye, na bata bukini ambao huzuia magari njiani kama askari wa trafiki. Hao hubaki nje. Rakuni peke yake ndiye anayeingia ndani na kuishi na familia, na kwa sababu hiyo ndiye anayestahili sifa.

Fadhila yake kuu ni mikono. Ina vidole vitano vyembamba, na ingawa gumba lake haliwezi kukutana na vidole vingine, kasoro hiyo haijawahi kumzuia kufungua kitu. Sehemu kubwa mno ya ubongo wake unaopokea hisia za mguso imetengwa kwa ajili ya viganja. Kwenye ncha za vidole kuna vinyweleo vinavyogusa kitu kabla ngozi haijakifikia, na maji huzidisha hisia hizo, ndiyo maana huonekana akipapasa chakula chake mtoni, jambo lililowafanya wengi wadhani anakiosha. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtafiti mmoja wa Marekani aliwapa rakuni masanduku 13 yenye makomeo ya kila namna, nao wakafungua 11, kila moja kwa majaribio yasiyofika kumi. Mwaka 2016 jiji la Toronto lilianza kugawa mapipa mapya ya taka za chakula yenye kufuli maalumu, katika mpango uliogharimu dola za Kanada milioni 31. Baadhi ya rakuni waliyafungua.

Familia ya mpangaji wa Whitehall huanza kujikinga kwa tofali juu ya pipa. Rakuni huliteremsha. Hufuata mpira wa kufungia mizigo, nao hufunguliwa. Kisha tofali na mpira pamoja, halafu pipa huingizwa gereji, halafu hugundulika kwamba mlango wa gereji hauna kitasa tangu siku ya kukabidhiwa ufunguo, na kwamba kasoro hiyo imeandikwa vizuri kabisa katika fomu ya ukaguzi ambayo hakuna aliyeisoma. Fundi wa binadamu huomba nafasi kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni, na hatokei. Rakuni hufika kila usiku, hana ada ya kuitwa, na kazi yake huonekana asubuhi barabara nzima: mifupa ya kuku, maganda ya ndizi, mabaki ya wali.

Fadhila nyingine zinatosha kutajwa tu. Ana nidhamu ya haja, kwani huchagua choo kimoja na kukirudia, hata kama choo hicho ni sufi ya kuzuia baridi iliyo juu ya kitanda cha mtoto, na hata kama kinyesi chake hubeba mayai ya minyoo yanayoweza kudumu miaka. Ana uhusiano mwema na dola: mwaka 1926 mmoja alipelekwa kwa Rais Calvin Coolidge ili awe kitoweo cha sikukuu ya Shukrani, akaishia kuwa mkaazi wa Ikulu kwa jina la Rebecca. Ni msafiri pia. Jozi mbili zilizoachiwa karibu na ziwa la Edersee mwaka 1934 zilisaidia kuijaza Ujerumani rakuni.

Kuhusu utulivu wake usiku, vitabu husema hutembea kimyakimya. Vitabu hivyo havikuandikwa chini ya dari. Saa nane za usiku, juu ya kichwa cha mtu anayetakiwa kuwa ghalani saa kumi na mbili asubuhi, rakuni hatembei, anahamisha makabati. Anakwaruza, anaburuta, anagombana, na watoto wanalia kama milango isiyotiwa mafuta. Huo si utulivu wa kiumbe yeyote, na anayeusifu alale hapo wiki moja.

Watoto hao huzaliwa zaidi Aprili na Mei, kwa kawaida watatu hadi watano. Hukaa pangoni hadi wiki ya nane au ya kumi ndipo waanze kumfuata mama nje, na wataalamu hushauri mlango wao usizibwe kabla ya hapo, maana mama aliyetenganishwa na wanawe hubomoa paa kuwarudia. Ushauri huo ni wa huruma na wa busara. Sheria ya Ohio huongeza ulinzi wa ajabu: rakuni aliyenaswa kwa usumbufu haruhusiwi kuhamishiwa mahali pengine, kwa hofu ya kusambaza maradhi kama kichaa cha mbwa. Ama auawe, ama aachiwe palepale aliponaswa. Akiepuka lile la kwanza, basi ana haki ya kurudi nyumbani kwake.

Mpangaji wa chini ya dari hana haki ya namna hiyo. Akichelewa kodi, notisi ya siku tatu inatosha kumfungulia mwenye nyumba njia ya mahakamani, watoto wawe wachanga au la. Mwaka 2023 kesi za kufukuza wapangaji zilizofunguliwa katika kaunti ya Franklin, ambamo Whitehall imo, zilizidi 20,000. Rakuni hakuombwa hati za mshahara wala barua ya mwenye nyumba wa awali, na hakulipa ada ya maombi isiyorudishwa. Familia za Afrika Mashariki zilizoanza kuletwa Columbus na vitongoji vyake, wakiwemo Wasomali Wabantu kutoka kambi za Dadaab na Kakuma mwanzoni mwa miaka ya 2000 na Wakongo waliowafuata, ziliombwa hivyo vyote.

Utaratibu wa kulalamika uko hivi. Ofisi ya wanyama ya kaunti ni ya mbwa. Ofisi ya wanyamapori ya jimbo hutoa ushauri na orodha ya wategaji wenye leseni, ambao hulipwa na anayewaita. Wakala wa nyumba ana mashine ya kupokea simu inayojibu kwa Kiingereza na Kihispania. Mama aliyesema Kiswahili akamaliza dakika zake zote amerekodiwa salama, na hajapigiwa. Mashine hiyohiyo, kodi ikichelewa, hupatikana kuwa na mtu nyuma yake.

Hapo ndipo rakuni hufanya kazi ya mwalimu wa uraia. Sheria ya jimbo inamtaka mwenye nyumba aiweke katika hali ya kukalika. Mpangaji asiyedaiwa kodi anaweza kumwandikia barua ya kueleza kasoro, maana simu haihesabiki, na kubaki na nakala. Kasoro isiporekebishwa katika muda wa kuridhisha, usiozidi siku 30, kodi hupelekwa kwa karani wa mahakama badala ya kwa mwenye nyumba. Karani humjulisha mwenye nyumba na kuzishika fedha, na ofisi yake hukata asilimia 1. Njia hiyo haiwagusi wenye nyumba zisizozidi tatu waliokwisha kuwaarifu wapangaji wao hivyo kwa maandishi.

Fedha zikishakaa mahakamani, tundu ambalo halikuwahi kuonekana huonekana mara moja. Fundi hutokea asubuhi aliyoahidi, na bati hupigiliwa mahali mbao zilipooza. Rakuni akikuta pamezibwa huenda kuangalia dari ya nyumba ya tatu mtaani, ambayo mara nyingi ni ya mwenye nyumba huyohuyo.