Bibi, Umemeza? Njia Nane, Kutoka ya Hovyo Hadi Kiboko Yao

Mtu anayekumbuka ni jirani gani hakurudisha sufuria yake mwaka 1978 anawezaje kusahau kidonge cha asubuhi? Anaweza, na si yeye tu. Shirika la Afya Duniani lilishaandika mwaka 2003 kwamba hata kwenye nchi tajiri, ni kama nusu tu ya wenye maradhi ya muda mrefu wanaotumia dawa zao inavyotakiwa. Basi tuhesabu kurudi nyuma.

8. Kupiga simu na kuuliza, "Mama, umemeza dawa?"
Jibu ni "Ndiyo, mwanangu." Ni jibu lile lile utakalopewa ukiuliza kama amekula, kama goti limepoa na kama paa limeacha kuvuja. Ukitaka ukweli, uliza vimebaki vidonge vingapi. Hapo itabidi anyanyuke.

7. Kengele ya simu
Umeandika "8:00 DAWA", ukaondoka zako ukijipongeza. Bibi ameisoma vizuri kabisa: saa nane, baada ya chakula cha mchana. Andika "saa mbili asubuhi", au bora zaidi rekodi sauti yako ikimwamkia shikamoo. Halafu kuna suala la simu kushinda dukani inachajiwa. Mangi wa pale kwenye kona ndiye anayekumbushwa dawa kuliko mtu yeyote mtaani, na presha hana.

6. Karatasi ukutani
Afadhali kuliko maandishi ya kwenye bahasha ya dawa. Pale wameandika 1 x 3, na mtu aliyefundishwa hesabu kwa kiboko anajua jibu ni tatu, sasa usishangae akizimeza tatu kwa mpigo. Chora jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi, kisha onyesha kidonge chenyewe kinavyofanana: cheupe cha mviringo, cha njano kidogo. Jua lako likionekana kama andazi, si neno.

5. Kisanduku chenye vyumba saba
Kinauzwa kwenye maduka makubwa ya dawa. Uzuri wake ni kwamba kinajibu swali linalosumbua kuliko yote: nimemeza au bado? Chumba cha Jumatano kitupu, mjadala umefungwa. Bila hicho, mzee mwenye wasiwasi humeza tena "kwa usalama", na kwa baadhi ya dawa za sukari, kama glibenclamide, kurudia kunaweza kushusha sukari mpaka akaanguka. Asiyekuwa na uhakika asirudie, aulize.
Wapo wanaotumia trei ya mayai, mashimo 30, mwezi mzima huo. Ubunifu tunaupigia makofi, ila mjukuu wa miaka miwili naye atapiga makofi akidhani ni peremende. Chochote utakachotumia kiwe na kifuniko, kikae juu.

4. Mjukuu wa darasa la tatu
Hana huruma na wala hadanganyiki. "Bibi, fungua mdomo nione." "Mume wangu we, hata salamu hakuna?" Udhaifu wake ni mmoja: ananunulika kwa korosho.

3. Kufunga dawa kwenye jambo asilolisahau
Huyu mzee alfajiri haijawahi kumpita, na magharibi haimpiti. Huku kwetu karibu na ikweta adhana hazihami sana mwaka mzima, kwa hiyo dawa ya mara mbili kwa siku tayari ina muadhini wake. Wengine wana sala ya asubuhi na taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Ila metformin inataka chakula. Hiyo ifunge kwenye uji, si kwenye adhana. Na Ramadhani ikikaribia, nendeni kliniki mapema mkapange upya saa za dawa. Usiku wa mwezi kuandama daktari naye yuko kwao anachambua tambi.

2. Kupunguza mzigo wenyewe
Kusanya dawa zote nyumbani: za kabatini, za chini ya mto, alizopewa na shoga yake kwa maneno "jaribu hii, mimi ilinisaidia". Tia na mlonge na mwarobaini. Weka kwenye kikapu, mpelekee daktari au mfamasia. Unaweza kukuta dawa moja kwa majina mawili ya biashara, kutoka hospitali mbili, na zote zinamezwa. Tena zipo dawa za presha ambazo mbili zimeunganishwa kwenye kidonge kimoja, na kimoja hakisahauliki kama sita.

1. Kiboko yao: kumuuliza kwa nini
Maana mara nyingi hajasahau. Ameamua.
Chukua mfano wa dawa ya presha inayoongeza mkojo. Leo kuna msiba Korogwe, basi linatoka asubuhi, na kondakta ndiye anayepanga mtachimba dawa wapi. Mama mtu mzima, na kanga zake mbili, ashukie kichakani mbele ya wakwe? Kidonge kinabaki kwenye pakiti, na kwa hesabu zake yuko sahihi. Mwingine enalapril imempa kikohozi kikavu, majirani wameanza kumkalia mbali. Mwingine haumwi popote, akajiona amepona. Presha haina adabu ya kubisha hodi. Mwingine pesa imeisha na anaona haya kusema.
Hakuna kengele inayotibu hayo. Daktari anaweza kubadili saa au kubadili dawa, lakini lazima aambiwe. Kwa hiyo usianze na "Mbona humezi?", utajibiwa kama polisi. Anza na "Mama, hii dawa inakusumbua wapi?" kisha nyamaza, hata akianzia mbali, kwenye harusi ya dada yake.
Yote aliyokueleza yaandike, na mwende wote kliniki. Kwa sababu mbele ya daktari atakaa wima, atatengeneza mtandio, aseme kwa sauti safi, "Namezaga zote, dokta, hata moja sijaruka." Hapo ndipo unapotoa karatasi yako.