Sifa za Fao la Jembe

Mifuko ya hifadhi ya jamii husifiwa kwa majengo yake marefu na ripoti zake zenye majalada yanayong'aa. Upo mmoja ambao haujawahi kupigiwa makofi, ingawa Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, hakuna mwingine uliotunza watu wengi wasio na kazi kuliko huo: jembe la nyumbani. Aliyepunguzwa kazi Dar es Salaam, au aliyerudishwa kutoka Muscat kabla mkataba haujaisha, anashuka Mkata au Korogwe mjini, anapanda bodaboda mpaka kijijini, na jioni hiyohiyo ametengewa ugali. Sasa angalia fao la kukosa ajira lililoletwa na sheria ya 2018: uwe raia, uwe umechangia miezi 18 kwa uchache, uwe hujafika miaka 55, uwe hukuacha kazi kwa hiari yako, na uthibitishe kwamba hujapata nyingine. Ukivuka vihunzi vyote hivyo, unapewa theluthi ya mshahara kwa miezi 6. Jembe halijali kama uliacha kazi au kazi ndiyo iliyokuacha.

Tena halina mpaka. Katika Umoja wa Ulaya, anayelipwa fao nchi moja anaruhusiwa kwenda kutafuta kazi nchi nyingine huku akiendelea kulipwa miezi 3, ikizidi sana 6, na fomu yake mkononi. Kwa Handeni huo ni mchezo wa watoto. Ukame na njaa ya miaka ya 1830 viliwatoa kwao Wazigua wengi, wenyeji wa Handeni, wakaishia utumwani kusini mwa Somalia. Vita vya huko vya miaka ya 1990 vilipowatimua vitukuu wao, baadhi walirudi Handeni, Kizigua kikiwa bado kinywani. Walipokelewa Mkuyu, na kuanzia 2003 wakahamia Chogo, wakapewa ardhi ya kulima; mwaka 2014 zaidi ya 1,500 wakapata uraia. Nitajieni mfuko mwingine uliopokea dai lililochelewa miaka zaidi ya 150.

Waliolithamini zaidi fao hili, hata hivyo, si waliolipokea, bali wenye mashamba ya mkonge. Tangu Richard Hindorf alipouleta mkonge mwaka 1893, mashamba kama Magoma, Ngombezi na Hale yalitaka mikono mingi kuliko wenyeji, waliokuwa na makonde yao, walivyokuwa tayari kutoa. Mikono ikafuatwa Kigoma, Njombe, Songea, Ruanda-Urundi na Msumbiji, na kuanzia 1944 ofisi iliyoitwa SILABU ikashika kazi ya kuisomba. Manamba, yaani kibarua aliyeletwa hivyo, alipewa kipande, kadi yenye nafasi 30. Akimaliza kazi ya siku, nafasi moja inajazwa. Asipomaliza, inabaki tupu, na mshahara unangoja mpaka zote zijae. Mshahara wenyewe ulipimwa kwa tumbo la mtu mmoja aliye kambini. Mke, watoto, ugonjwa na uzee viliachiwa jembe la kwao, safari ya siku kadhaa kutoka pale. Mwaka 1964, mkonge ulipofika kileleni, takriban tani 230,000, serikali iliwaanzishia wafanyakazi mfuko, lakini wa akiba tu. Kamba za plastiki zikaua bei, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa kama tani 20,000. Waliokosa kazi walijua pa kwenda kudai, na si kwa mwajiri.

Mtu atasema jembe la Handeni linategemea mvua, na mvua ya Handeni haina ahadi. Ni kweli, wale waliofika Somalia hawakuondoka kwa kupenda safari. Lakini walau mfuko huu hufilisika hadharani: kila mwanachama huliona ghala tupu kwa macho yake bila kungoja mkaguzi wa hesabu. Pingamizi zito zaidi ni la manamba waliozeekea makambini, ambao jembe lao liko Burundi au Msumbiji, nauli hawana na ndugu walishagawana shamba. Kwa hao sina sifa ya kuwauzia.

Wengine hulidharau fao hili kwa kuwa eti ni la bure, halina michango. Michango ipo, tena haikatiki mwezi hata mmoja. Hutolewa na mama, shangazi na mke aliyebaki, wanaopalilia shamba la mtu asiyekuwepo ili siku akirudi asikute majani, na hakuna anayewatumia taarifa ya salio. NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, humtaka mwajiri na mfanyakazi wachangie kwa pamoja asilimia 20 ya mshahara. Katika mfuko wa jembe mwajiri hatoi hata senti, na bado ndiye wa kwanza kumshauri anayempunguza kazi arudi kwao akalime.