Sifa za Mbung'o, Mwasisi wa Tabora

Waasisi wa Tabora hutajwa kwa majina: watemi wa Unyanyembe, Musa Mzuri, Snay bin Amir aliyewakaribisha wasafiri Burton na Speke pale Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857. Mbung'o hatajwi, na hiyo ni dhuluma. Mdudu huyu, ambaye Tabora wanamwita ndorobo, anamzidi nzi wa jikoni kidogo tu. Akitua, mabawa yake hupandana kama makali ya mkasi, na huuma juu ya nguo bila kupiga hodi. Hatagi mayai ovyo. Jike huzaa buu mmoja mmoja, kwa nafasi, kwa heshima zote. Na kwa kuwa kuumwa naye huua ng'ombe, ndiye aliyeamua kwamba kwa kilomita 800 hivi kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, mzigo utakwenda kwa miguu ya watu. Wamisionari wa London walibisha mwaka 1877, wakatoka Saadani na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Ng'ombe wakafa, wageni wakatafuta wapagazi. Mfalme Leopold wa Ubelgiji alileta tembo wanne kutoka India mwaka 1879. Nao wengi waliishia njiani. Aliyebaki na kazi ni Mnyamwezi, na frasila zake mbili, kilo 32 hivi, begani.

Kuna watakaosema mji ulijengwa na pembe za ndovu na njia panda: magharibi Ujiji, kaskazini Karagwe na Buganda. Sawa, lakini njia panda hupitwa. Kama mizigo ingekuwa juu ya magurudumu, tajiri angenywesha wanyama wake maji, akaenda zake. Mpagazi ana kwao, na kwao kulikuwa hapahapa. Msafara ukifika Unyanyembe, watu walitua mizigo, wakadai ujira wao wa vitambaa vya merikani na kutawanyika vijijini. Tajiri akabaki na marobota yake, akitafuta mabega mengine. Burton alikaa zaidi ya mwezi. Huko kukaa ndiko kulikozaa mji, maana anayesubiri hula, hulala, hukopa na hugombana. Zikajengwa tembe, kukalimwa mpunga, ngano na vitunguu, na deni la Zanzibar likapata anwani bara.

Pingamizi zito ni la utumwa. Ni kweli watu walipita njia hii wamefungwa minyororo, na mzigo wa kichwani uliua wengi. Lakini mbung'o hakumnunua mtu. Soko lilikuwa na wenyewe. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa waungwana waliopatana ujira, na tajiri aliyewapunja posho aliamka asubuhi akakuta mizigo ipo, watu hawapo. Nguvu hiyo ya kugoma waliipata kwa sababu punda na ng'ombe hawakuweza kushika nafasi yao. Kuhusu malale anayoeneza sina utetezi, ila kwamba wasifiwa wachache wa karne ile wana mikono safi zaidi.

Garimoshi halina damu. Lilipofika Tabora mwaka 1912, mbung'o hakuwa na la kulifanya, na kufikia 1914 reli ilikuwa Kigoma. Akarudi kwenye miombo, akawazuia wafugaji wasiigeuze yote malisho. Leo wafugaji wanaingia na dawa zao, na waliobaki na sababu ya kumtakia heri ni warina asali.