Mdomo wa Mtoto Hauna Breki

Mwezi wa saba, saa ya Kamina, huku kwetu Kongo, na saa ya Liège huwa moja. Ubelgiji wakiwa kwenye majira yao ya joto, wao nasi tunatazama mshale uleule. Tofauti iko kwenye mambo yanayoingia ndani ya saa hiyo. Shemeji yangu, anayeishi huko na mkewe na watoto wadogo, alinitumia ujumbe wa sauti: wameondoka nyumbani asubuhi kwa gari, mchana wamekula Luxembourg, jioni wako Trier, Ujerumani. "Nchi tatu kwa siku moja, shemeji! Watoto wametumaliza!"

Ujumbe ulinikuta Tenke, ndani ya treni, mimi na mke wangu na watoto tukirudi Kamina kutoka Lubumbashi, tumesimama. Umeme wa kwenye nyaya ulikuwa umekatika, na kichwa cha umeme kikikosa umeme hakina cha kujivunia mbele ya toroli.

Hata hivyo shemeji asitutishe na nchi zake. Hadi mwaka 2015, kutoka Lubumbashi kwenda Kamina ulikuwa hujatoka Katanga. Katanga ilipogawanywa kuwa majimbo manne, tukageuka watalii bila kutafuta visa: unapandia Haut-Katanga, unakatiza Lualaba, unashukia Haut-Lomami. Na hiyo Haut-Lomami yetu peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 108,000. Ubelgiji nzima ingeingia humo mara tatu na nafasi ya kulima mihogo ikabaki.

Anachonizidi shemeji si mwendo. Wanawe hufungwa mikanda kiti cha nyuma, wakapewa tableti, na wakiropoka lolote wanaolisikia ni baba na mama yao. Wetu walikuwa na behewa zima la kuwasikiliza.

Na behewa lilikuwa limejaa. Reli yetu ina upana wa milimita 1,067. Ile ya nchi nyingi za Ulaya ni milimita 1,435. Hizo milimita 368 zinazopungua nilizitafuta usiku kucha kwa kiwiko, nisizipate. Goti langu lilikuwa kati ya magoti ya kambo mmoja, yaani bibi mzee, aliyekuwa akienda Mwene-Ditu, mbele kabisa ya Kamina, mtu asiye na haraka na mwenye masikio mazuri. Chini ya miguu kulikuwa na mabidoni, magodoro na kuku wa watu. Mke wangu alikumbatia ndoo ya unga wa bukari kana kwamba ndiyo kitinda mimba wetu, na kitinda mimba mwenyewe akazunguka paja hadi paja kama sahani ya mchango kanisani.

Likasi akapanda mtu ninayemfahamu. Ni mfanyabiashara wa Kamina, ana duka la vifaa vya ujenzi, na jina langu liko kwenye daftari lake la madeni. Nilivuta kofia nikafumba macho. Mtoto wetu wa katikati, mwenye miaka sita, akaniinamia hadi nikasikia harufu ya karanga mdomoni mwake.

"Baba, kama umelala, mbona macho yanacheza?"

Nikaamka. Tukasalimiana vizuri na yule papa, tukaulizana habari za mama, za watoto, za baridi ya kipupwe. Deni halikutajwa. Watu wazima wana adabu zao: anayedai hutazama dirishani, anayedaiwa hutazama viatu.

Adabu hiyo ilifika Lubudi ikaishia hapo. Lubudi wana kiwanda cha saruji, na abiria mmoja akakionyesha kwa kidole akiwaeleza wenzake. Mtoto wa katikati akaruka kwa furaha, kama aliyeona ndugu. "Baba, saruji! Ndiyo ile ambayo hatujamlipa papa huyu?"

Behewa lilinyamaza. Kuku nao, nadhani. Yule papa akasema kwa upole, "Mtoto ana kumbukumbu nzuri, Mwalimu. Unawafundisha vizuri." Nikamweleza kwamba mshahara umechelewa, jambo ambalo kwa mwalimu halihitaji ushahidi, na kwamba kwa sasa mfukoni sina kitu. Behewa likanihurumia. Kambo akanipa kiazi.

Usiku ukaingia, na baridi yake. Kila treni iliposimama porini, kifungua mimba wetu aliuliza tutafika lini. Kambo ndiye aliyemtuliza. "Mjukuu wangu, reli hii ilifika Bukama mwaka 1918. Ilipofika Ilebo ilikuwa 1928. Miaka kumi! Na wewe una haraka gani?" Binti akaridhika, lakini mimi nikaanza kuhesabu mayai ya kuchemsha yaliyobaki.

Bukama tuliingia kukiwa kumekucha, na hapo kitinda mimba akatangaza kwamba anabanwa. Kufika mlangoni kulihitaji kukanyaga watu wasiopungua nusu ya Kongo. Tukafanya wafanyavyo wote: tukampitisha dirishani, mikononi mwa mama mmoja anayeuza samaki wa kukausha, naye akamshusha suruali pale pale kando ya reli. Mtoto akaangalia kuku, akaangalia mbuzi, akasahau kilichompeleka. Honi ikalia. Mke wangu akapiga kelele kwa lugha zote anazojua. Mtoto akakumbuka.

Magurudumu yalishaanza kusogea yule mama alipomnyanyua na kumwingiza kwenye dirisha la kwanza lililompitia, ambalo halikuwa letu. Tukasikia kilio kikija kwa mbali, kikipita juu ya vichwa, mikono kwa mikono. "Wa nani huyu?" "Pitisha, wa Mwalimu mwenye deni la saruji!" Akatufikia bila suruali, ameshika samaki. Yule mama alikuwa bado anakimbia sambamba nasi, amenyoosha kiganja. "Nimemkojolesha, nimempa na samaki! Lipeni samaki, kukojoa ni bure!" Namsifu mama huyu. Wanasema kando ya barabara kuu za Ujerumani choo hulipiwa, tena bila samaki.

Nikapapasa mifuko mbele za watu, kwa heshima ya hadithi yangu ya mshahara. Hapo ndipo kifungua mimba, msichana mwema, wa kwanza darasani, alipoona wazazi wake wanaaibika akaamua kutuokoa.

"Mama, si utoe zile pesa ulizoficha kwenye unga?"

Samaki alilipwa na abiria wa dirishani, kwa sababu mke wangu alikuwa amegeuka jiwe. Treni ikavuka Lualaba na hakuna aliyeangalia mto. Watu wote waliangalia ndoo.

Kambo akajifunga kitenge upya, jambo ambalo huku kwetu ni sawa na jaji kuvaa joho. "Mimi sikusoma," akasema. "Naomba nielezwe taratibu. Deni liko hapa?" Liko, behewa likajibu. "Anayedai yuko hapa?" Yupo. "Na pesa iko kwenye unga?" Iko! "Sasa tatizo liko wapi?"

Nilijaribu kusema kwamba ile ni pesa ya karo. Mwenye duka akajibu kwamba na yeye ana watoto, na wanasoma shule hiyo hiyo ninayofundisha. Kesi ikaisha. Mke wangu akazamisha mkono ndani ya ndoo hadi kwenye kiwiko, akautoa mweupe kama wa mwokaji, na kifurushi cha plastiki ndani yake.

Papa alipangusa unga noti moja moja. Noti moja ya dola yenye mchaniko mdogo pembeni aliirudisha, kama desturi ya nchi inavyotaka, nikamwongezea faranga. Akachomoa daftari kwenye mfuko wa koti (kumbe anasafiri nalo!), akakata jina langu kwa mistari miwili, tukashikana mikono na behewa likapiga makofi. Kuanzia hapo hadi Kamina alimbeba kitinda mimba mapajani, na mimi nikaanza kujisikia raia huru, mtu anayeweza kushuka kituoni kifua mbele.

Mtoto wa katikati alinisubiri hadi tuliposimama wima na mizigo yetu, mkuu wa shule akiwa amefika kumpokea mgeni wake, hatua mbili kutoka kwetu.

"Baba, kwa hiyo kesho tutapita mbele ya duka, au bado tunazungukia nyuma ya kanisa?"